Ndama Aitwaye Durk

Shambani, Jumapili alasiri

Kwako dada Hiske,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Maastricht, na kwamba dari ya chumba chako imeacha kuvuja. Sisi huku wote hatujambo. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, na yule paka mwenye sikio moja, kama angekuwa na adabu, naye angekusalimu. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu maneno hunikwama, nawe huanza kunimalizia sentensi. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Kwanza nikupe habari za siku ya kuzaliwa ya Baba. Viti vilipangwa duara kama kawaida na tukapongezana wote. Hata jirani Sytse alinipa mkono akanipongeza kwa kuwa baba yangu amezaliwa. Kahawa ilikuwa bado ya moto na keki haijakatwa, Shangazi Tryn akamuuliza Baba mbele ya duara zima kama amekwisha kupeleka mavi yake. Kumbe alikuwa ametoka chooni, na huko alikiona kile kifurushi cha kupimia saratani ya utumbo, ambacho serikali humtumia kwa posta kila mtu wa umri wa Baba. Viwili vilivyotangulia Baba alivitia motoni vikaungua. Baba akajibu kwamba mavi yake ni mali yake. Shangazi akamwambia wewe Durk, ng'ombe wako akikohoa tu unamwita daktari, wewe mwenyewe unangoja nini, mpaka ulale kama baba yetu? Unakumbuka Babu alivyopelekwa hospitali wakati wa kukata nyasi, asirudi. Shangazi akaona amezidisha, kwa hiyo akaongeza kwamba Baba ana bahati, choo chetu cha kizamani kina kibao kinachopokea mzigo ukiwa mkavu, wenzake wenye vyoo vipya wanavua majini. Watu wakacheka, Mama akakata keki.

Jumamosi iliyofuata Baba alijifungia chooni na miwani yake. Nilimsikia akisoma maelekezo kwa sauti, kama mtu anayeunganisha mashine ya kukamulia. Kazi yenyewe ni ndogo: unachomachoma kinyesi kwa kijiti, unakirudisha kijiti ndani ya kichupa chenye kifuniko cha kijani, basi. Alipotoka alisema ndama wanasumbua zaidi. Lakini posta haichukui barua mpaka Jumatatu, na karatasi inasema kichupa kikae kwenye friji. Mama akakataa kisikae karibu na jibini lake, hata kama kimefungwa na malaika. Baba akakipeleka kwenye friji ya chumba cha tangi la maziwa, alikokuwa ameweka sampuli za mavi ya ndama wetu waliokuwa wanahara, zikimngoja daktari wa mifugo.

Nadhani umekwisha kuona kinachokuja. Jumatatu dereva wa daktari wa mifugo alifika Baba akiwa malishoni, akazoa kila kichupa alichokikuta. Alasiri simu ililia nikaipokea mimi. Daktari Lolkema, kwa sauti ya msibani, aliniambia sampuli zimefika salama, ila kuna ndama mmoja anamtatiza. Anaitwa Durk Hoekstra, amezaliwa mwaka 1966, na kama ni kweli basi ndiye ndama mzee kuliko wote katika jimbo zima la Friesland na inafaa tuwaite watu wa gazeti. Baba, kwa mazoea ya zizini, alikuwa ameandika kwenye kichupa chake jina na tarehe ya kuzaliwa, kama anavyowaandikia ndama.

Kabla ya giza kijiji kizima kilikuwa kinajua. Baba alipokwenda kununua chakula cha mifugo wanaume walimlilia mooo kutoka nyuma ya magunia, na Sytse akamuuliza kama kuhara kumekoma. Kile kichupa kilikuwa kimekwisha kufunguliwa, hakikufaa tena. Baba akasema imetosha, Mungu mwenyewe ameonyesha kwamba hataki.

Hapo ndipo nilipopiga simu kuomba kifurushi kingine. Ndiyo, mimi. Niligugumiza maneno kiasi kwamba yule mama wa upande wa pili aliniuliza kwa upole kama mimi ndiye bwana Hoekstra mwenye miaka hamsini na tisa. Kifurushi kilipofika nilikiweka chooni chini ya kalenda ya siku za kuzaliwa, mahali ambapo mtu akikaa hana pengine pa kutazama. Asubuhi moja Baba alinikuta zizini akanipa bahasha iliyofungwa, akasema nikaitie mwenyewe katika sanduku la posta, maana akionekana yeye, Sytse atalia mooo tena.

Dada, hapo juu niliandika kwamba wote hatujambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Majibu yalikuja Ijumaa. Imeonekana damu. Karatasi inasema wengi wanaokutwa na damu hawana saratani, lakini lazima waingizwe kamera ndogo kwenye utumbo ili waangaliwe. Baba alinionyesha mimi kabla ya Mama. Kisha, akiwa amempa mgongo ng'ombe, aliniambia kwamba damu ameiona mwenyewe tangu mifugo ilipotolewa zizini kwenda malishoni majira ya kuchipua, na hakumwambia mtu. Nilidhani anakikataa kipimo kwa ukaidi. Kumbe alikuwa anakimbia jibu.

Akanikataza nisikuambie mpaka umalize mitihani, nami nikaitikia kwa kichwa. Barua hii inavunja ahadi hiyo, na naivunja nikiwa na akili zangu timamu.

Anatakiwa hospitali Alhamisi ya wiki ijayo. Mama atamwendesha. Lakini ameanza kusema hawezi kwenda, nani atakamua, na kweli mimi peke yangu siwezi. Ng'ombe wanajua nawaogopa, wananinyima maziwa. Tafadhali njoo Jumatano. Usiseme umekuja kwa ajili yake. Sema umesikia ndama wanahara. Atanung'unika kwamba ndama walipona zamani, na hatakuwa na kisingizio tena.

Sidhani kama atakasirika. Jana niliona viatu vyako vya zizini vimesimama mlangoni, vimeoshwa mpaka kwenye soli. Sikuviosha mimi, na Mama anasema si yeye.

Mama anakusalimu kwa dhati. Baba naye anakusalimu, ingawa hajui.

Ni mimi mdogo wako,
Ynte