Wabiwa Ameinua Jeep ya Papa Deo

Bagira, Bukavu, Ijumaa

Yaya wangu mupenzi, kaka yangu mukubwa,

Mungali wazima huko Shabunda? Na goti lako, lile linaloamuka kila mvua ikikaribia, linakuachia usingizi? Sisi hapa tuko wazima, tunakula, tunasali. Naandika barua maana kwa telefone wewe unasema peke yako mpaka rezo inakatika, na mimi nabaki na maneno yangu mudomoni. Karatasi haina kukatika. Jirani yangu anapanda ndege ya huko kesho, ndiye atakufikishia.

Neno lako nimelipata: Wabiwa aache garaje, arudi kwenu mbele ya Noeli, muke wako amufundishe kushona. Ulisema, "Mutoto mwanamuke kulala chini ya magari, watu watasema nini?" Yaya, tangu baba yake alipotuacha, wewe ndiwe baba yake. Neno lako liko na uzito na mimi sikatai. Lakini mbele sijakujibu, nataka ujue jambo lililopita Jumamosi. Nililiona na macho yangu mawili. Kama naongeza chumvi ni kidogo tu, unanijua.

Kuna mufanyabiashara mumoja, Papa Deo, mwenye jeep ya zamani, yenye kuzaliwa mbele ya Wabiwa. Inaleta bamama wachuuzi na unga wao wa muhogo toka Walungu. Miaka yote ile ya mizigo ilichokesha resori za nyuma, vile vyuma vinavyojizungusha kama nyoka aliyejikunja, ndivyo vinabeba matako ya gari. Nyuma ilikuwa inakaa chini kama kuku anayetaga. Taa za mbele zinaangalia mbinguni, bomba la moshi linasalimia kila jiwe la njia. Mafundi wengine walimwambia aingize vipande vya tairi katikati ya resori, itainuka tu. Wabiwa akamukataza: "Papa Deo, hiyo mipira itaruka siku moja mu kona, na bantu bako ndani. Tafuta resori mpya, ndefu kidogo." Akatafuta. Zikatoka Kampala, mu karto, na karatasi yake ya kuonyesha namna ya kuziweka.

Jumamosi mchana tulikuwa tunatoka kwa repetisho, mazoezi ya kwaya, bamama tisa, tukapita kwa garaje ya Muzee Janvier, patroni wa Wabiwa. Nilitaka tu kumusalimia mutoto. Sawa, nilitaka pia wenzangu wamuone na kombineso yake ya bule, ile nguo ya kazi. Tukakuta resori zimeshawekwa. Moja ilizidi mwenzake urefu kidogo, na patroni mwenyewe ndiye alizichagulia pande, karatasi mukononi, miwani kwenye pua. Jeep imesimama juu, nyuma imeinuka kama mbuzi anayevutwa mukia, na Papa Deo anaizunguka huku anacheka. Asubuhi ya Jumapili alikuwa na safari ya Walungu, alitaka ufunguo wake aende.

Wabiwa peke yake hakucheka. Anaangalia tu.

"Gari tupu inadanganya," akasema. "Hapa kwetu nani anaendeshaka gari tupu?"

Halafu akatugeukia. "Bamama, muko na haraka? Muingie mu jeep. Leo nyinyi njo unga wa muhogo."

Yaya, ungesikia kelele! Kila mumoja anashika pagne yake kiunoni, anapanda. Mumoja analia, "Maman Chantal aingie wa mwisho, tusivunje kitu ya bantu bure!" Maman Chantal, mwenye sauti ya chini katika kwaya na mwili wa kuibeba, anajibu, "Nyamaza wewe, mi ni mufupa tupu." "Ndiyo, mufupa ya tembo!" Saba walitosha nyuma, mimi na mwenzangu tukabaki chini, na Papa Deo akaombwa kukaa kwa usukani kama siku ya safari.

Wabiwa akapima na metre, toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bati juu yake, kuume, halafu kushoto. Akarudia. Kushoto ilikuwa chini kwa vidole viwili. Ukisimama nyuma uliona vizuri, jeep imeinamisha bega kama mutu aliyebeba ndoo.

"Ni Maman Chantal, amekaa kushoto," Muzee Janvier akasema, na garaje yote ikacheka.

Wabiwa naye alicheka, lakini akawaomba wabadilishane viti, wa kushoto waende kuume. Maman Chantal akahama, jeep ikalia. Akapima tena. Kushoto bado iko chini.

Hapo kicheko kikaisha. Patroni akatoa miwani. "Mutoto, mi natengeneza magari tangu mbele uzaliwe. Nilifuata karatasi. Karatasi inasema ndefu kuume, fupi kushoto."

Yaya, nilijua vile mutoto anavyojibu watu kwa nyumba, mudomo kama pilipili. Lakini pale alipiga goti moja karibu na gurudumu, akasema na sauti ya chini, kama vile unavyosema na baba mukwe:

"Papa, karatasi haikudanganya. Njo jeep iliyohama. Kule ilikotoka usukani ulikuwa kuume, shofere anakaa kuume, kwa hiyo resori ndefu inaenda kuume. Lakini ilipofika hapa Bukavu walihamisha usukani kushoto. Angalia papa, tundu la zamani liko pale, wamelifunga na bati. Shofere alihama, karatasi haijui."

Unajua magari ya hapa, mengi yalihamishwa usukani hivyo, na watu wameshazoea, hawaoni tena. Mimi mwenyewe napandaka yale magari, sikuwahi kufikiri. Papa Deo akaangalia usukani wake kama mutu anayeuona mara ya kwanza. Lakini alikuwa amechoka kungoja. "Vidole viwili si kitu. Munipe ufunguo, kesho bamama wananingoja."

"Kesho mu kona za kushuka, na magunia juu, vidole viwili ni kitu," Wabiwa akamujibu. Na hapo akaongeza: "Papa Janvier, uniache nizigeuze. Nikikosa, Jumatatu sirudi tena kwa garaje."

Yaya, nilitaka kumuziba mudomo. Nikasema moyoni: kama anakosa, yaya ameshinda bila kutoka Shabunda.

Patroni akavaa miwani yake tena. "Geuza."

Sasa nisikilize vizuri. Wenzangu walishuka, wakakaa kwa tairi za zamani kuangalia. Akapandisha nyuma na kriki, akaweka viti vya chuma chini ya shasi, akasukuma gari na mikono miwili kuona kama inatikisika. Haikutikisika. Akatoa magurudumu. Akafungua kwa chini amortisere, zile bomba zinazozuia gari isirukeruke, halafu akashusha ekseli, kile chuma kinachounga magurudumu mawili, polepole, na mukono mumoja hauachi mupira wa freni, usivutike ukapasuka. Nilidhani atavuta resori na nguvu, vile niliona wanaume wakifanya, wakiichokoa na vyuma virefu. Hapana. Alingoja. Ekseli ilipofika chini ya kutosha, resori ikatoka yenyewe kama mutoto anayeshuka mugongoni mwa mama yake. Akaniambia toka pale chini, "Mama, ukishindana naye atakuvunja meno. Ukimupa nafasi, anakuja mwenyewe." Nani alimufundisha? Patroni alimufundisha, sawa. Lakini kungoja, hiyo ni damu yetu.

Akazibadilisha, ndefu kushoto, fupi kuume, ncha ya kila moja ikakaa mu kitanda chake. Akafunga yote. Akashusha jeep chini. "Bamama, unga!" Wakapanda tena, kila mumoja kiti chake cha kwanza, na safari hii hakuna aliyetania.

Kuume akapima. Kushoto akapima. Akampa patroni metre ili apime mwenyewe. Muzee Janvier alipima mara mbili, akainama nyuma ya jeep na jicho moja limefungwa. Ilikuwa sawasawa, yaya, kama meza ya altare. Kwaya ikaanza kuimba mulemule ndani, na Maman Chantal akaishika sauti ya chini mpaka vioo vikatetemeka.

Patroni hakumusifu. Lakini kwa garaje yake kila gari inaandikwa na chaki kwenye kioo jina la mutu anayeijibia. Wasaidizi hawaandikwi. Miaka mitatu mutoto wangu hajaandikwa. Muzee Janvier akafuta JANVIER na mukono wa koti lake, akaandika WABIWA, herufi kubwa mpaka shofere hangeona njia. Sawa, hapo nimeongeza. Lakini zilikuwa kubwa.

Jumatatu Papa Deo alirudi toka Walungu na mizigo yote. Nilienda kuinama mwenyewe nyuma ya jeep. Bomba la moshi liko na vumbi, halina mukwaruzo mupya hata mumoja.

Sasa nikuambie jambo ninaloona haya. Mwaka wa kwanza, watu wakiniuliza binti yako anafanya nini, nilijibu anafanya kazi mu biro, kwa meza na karatasi. Nilimuficha, yaya, kama unavyotaka kumuficha wewe. Leo nasema mpaka kwa watu wasioniuliza. Na kushona hawezi. Nilimupa shuka moja ashone, ikatoka na kona tano. Ile mashini ya kushona uliyomuwekea, mupe binti yako mudogo, yeye iko na vidole vyake.

Ninachokuomba ni kimoja: baraka yako abaki kwa garaje. Yeye mwenyewe nilimuuliza, nimwambie nini tonton, mujomba wako? Alifikiri, akafuta mikono, akasema, "Mwambie namuheshimu. Na mwambie sitaki kurudi." Yote mawili nimekuandikia vile alivyosema.

Umusalimie muke wako, shemeji yangu, asinikasirikie juu ya mashini. Umusalimie mama yetu mudogo, mwambie dawa yake ya kifua naitafuta. Umusalimie katekista anayekusomea barua hii kama miwani yako imepotea tena, na umwambie asiruke mistari.

Na kama jibu lako lingali lilelile, usinitumie mimi nilipeleke, sitalibeba. Panda ndege, uje umwambie mwenyewe. Utamukuta chini ya gari. Itabidi uiname.

Mimi dada yako,
Mama ya Wabiwa, mekanisie wa magari