Tangi la Joto

Baba Zawadi,

Nimewashindisha njaa watoto wa chaza, tangi zima, na sijui kama watapona! Nisamehe, nimeanza vibaya. Hujambo, mume wangu? Kifua cha mama kimepoa? Mbuzi wanapata maji? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii.

Unajua kituo hiki cha kutotolesha chaza, hapa Msambweni, msimamizi ni mwanao Zawadi. Msimamizi! Wanaume wenye ndevu humwuliza yeye kwanza. Ndiye aliyeniombea kazi hii ya kulisha. Chaza wenyewe wadogo kama ufuta, na chakula chao ni maji ya kijani, yamejaa vijimea ambavyo jicho halivioni.

Sasa kusi imevuma, maji yamepoa, chaza wamedumaa. Zawadi akatia hita tangi moja, akanikabidhi. Nami nikafikiri ya kwetu Taru: jua likiwaka, nani anatamani ugali? Nikawapunguzia chakula nusu, siku nne, nikijisifu kwamba najua kulea.

Jana akawatazama kwa hadubini.

"Mama, umewapa kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Mama, chaza si mtu wa Taru. Joto humwongezea njaa. Hawa wanakula miili yao wenyewe."

"Na wale wa tangi la baridi?"

"Wadogo, lakini wameshiba."

Bi Mwanasha, mwenzangu wa kulisha, akaangua kicheko: "Mama Taru, kumbe umewafungisha Ramadhani!" Nikacheka naye, huku nikichota maji ya kijani.

Tangu jana nawalisha kidogo kidogo, maji ya kijani na mengine ya kahawia, yenye vijimea vya namna nyingine, maana chakula cha aina moja hakiwakuzi vizuri. Nikiinama naona wengine magamba wazi, hawayafungi tena. Hao wamekwisha. Ninaogopa, Baba Zawadi. Akina mama wa kikundi cha kufuga chaza wameahidiwa mbegu hii, yaani hawa chaza wadogo, na aliyeahidi ni Zawadi. Nimemzaa mwenyewe, nije nimwaibishe mwenyewe?

Siku ya kukabidhi watapitishwa kwenye chekeche. Atakayebaki juu ataenda baharini, atakayepenya, hakukua. Na mimi kwa mdomo wangu nilishawaalika nyote mje mwone! Usimwambie mtu asije. Kama ni aibu, inikute wewe umesimama karibu nami.

Mpe mama shikamoo yangu. Shemeji atafute wa kumchungia mbuzi, na jirani Mama Kadzo asikose.

Mkeo, mama wa msimamizi,
Mama Zawadi

Ni Jumamosi hii, asubuhi. Nyote.