Vitz ya Milango Miwili

Jumanne, 4 Machi

Vichwa viwili vya kusuka asubuhi, kimoja cha kuosha. Saa nane stima ikapotea, draya ikanyamaza, wateja wakabaki kunishauri. Kila mtu hapa Nyakoe anajua zamu yangu ya kupokea pesa za chama imefika na kwamba nanunua gari. Na kila mtu ana jibu lilelile: Probox. Inabeba ndizi. Inabeba wageni. Inabeba maiti. Sitaki kubeba maiti. Nina miaka arobaini na moja, nimesimama nyuma ya vichwa vya watu tangu nimalize shule. Nataka gari la kunichekesha.

Lakini najua abiria wa kwanza ni nani. Tata, baba mkwe wangu, ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kwenda. La kulia daktari amesema litaokoka tu asipokosa kliniki ya Kisii. Amekosa mara mbili. Kutoka Nyamache kwa pikipiki, mzee wa fimbo, mvua hii. Mume wangu Onchiri anafanya kazi Eldoret, huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo dereva ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemsuka Nyaboke, yule anayeuza bima mjini. Nikamchokonoa kwa maswali kichwa kikiwa mikononi mwangu, hana pa kukimbilia. Amesema ukiwa na Probox pande hizi, kampuni inakutazama kama mtu wa kubeba abiria, hata uape kwa Biblia. Demio ni tamu, ila nzuri zote bei yake iko juu, na bima kubwa, ile ya kulipia hata gari lako mwenyewe, hufuata bei. Yenye turbo nisiulize. Akasema tafuta gari dogo la Kijapani, injini ndogo, la zamani kidogo, ambalo hakuna mtu anaweza kuligeuza matatu.

Nimeota usiku naendesha kiti cha saluni.

Jumapili, 9 Machi

Nimelipata.

Vitz nyekundu, ya gia za mkono, milango miwili tu. Imekaa kwenye yadi mpaka nyasi zimeota chini yake. Broka mwenyewe anaionea haya. Anasema watu wa hapa wakihesabu milango wanaondoka. Mlango mmoja wa dereva, mmoja wa abiria. Wa nyuma aingie kwa kukunja kiti cha mbele na kujikunja mwenyewe. Ndiyo maana bei imelala.

Nimeipandisha mlima. Gia ya pili, ya tatu, kona, ya pili tena. Nilicheka kwa sauti, fundi niliyekuja naye akashika mkanda wake. Amekagua chini, amekagua injini, hana neno. Nimenunua.

Jumatano, 12 Machi

Nimekata bima ndogo, ile ya kumlipa utakayemgonga. Kwa umri wa gari bima kubwa haingetoka. Nyaboke ameniambia sijawahi kusikia ushauri wa mtu ila leo. Nimefurahi kupita kiasi. Kesho kliniki.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya.

Nilifika Nyamache saa moja. Tata alikuwa nje tayari, koti la harusi, kofia ya kahawia. Akalizunguka gari taratibu, akaligusa boneti. Mama, yaani mama mkwe, alijikunja akaingia nyuma huku akijicheka. Mimi nikamfungulia Tata mlango wa mbele. Akakitazama kile kiti. Akatazama chini. Akamwambia Mama haendi leo, akaingia ndani kwake.

Hivyo tu. Kliniki imepita. Ya tatu hiyo.

Nimerudi peke yangu nimekasirika mpaka nimesahau kuzima taa za gari. Nilifunga saluni. Niliweka mafuta. Au ni kwa sababu dereva ni mwanamke? Basi na aende na jicho lake.

Ijumaa, 14 Machi

Naomba nisamehewe hilo la jicho. Sikumaanisha.

Onchiri kwa simu anasema mzee ni mzee. Asante sana, Onchiri.

Jumapili, 16 Machi

Ee Mungu wangu.

Nilikuwa nasafisha gari, niko kiti cha abiria nafuta dashibodi. Nyaboke alipita, akaketi kwa dereva, akaanza kuchezea gia kama mtoto. Ya kwanza. Ya pili. Mkono wake ukanigonga goti.

Nikaganda na kitambaa mkononi.

Miaka kumi na saba nimeolewa. Tata hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Hajawahi kunipa mkono. Akija kwetu husimama kwenye ua, anauliza habari za watoto kutoka hukohuko, anaenda. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya mkwe, na sijawahi kuiona mzigo. Kumbe mimi nimemfungulia mlango akae ubavuni mwangu, goti lake kwenye gia yangu ya pili, milima yote kutoka Nyamache hadi Kisii. Mbele ya mke wake. Na nyuma hawezi kuingia kwa sababu mimi, kwa akili zangu, nimenunua gari lisilo na mlango wa nyuma.

Si kwamba alinidharau. Aliniheshimu, akalipa kwa jicho lake.

Ya nyumba tulifundishwa. Ya gari hakuna aliyetufundisha, maana boma letu halijawahi kuwa na gari. Hata Onchiri hakukumbuka. Nimeona aibu hadi masikioni.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamua. Broka ana Probox, yuko tayari kubadilishana nikiongeza kitu. Nyaboke ananikumbusha bima. Najua bima. Milango minne, Tata akae nyuma kama chifu, yaishe.

Kisha nikaenda nikaketi ndani ya Vitz nikalia. Ni bati na mpira. Nimelia tu.

Jioni nimempigia Mama kumwambia. Kliniki imekubali kumwona tarehe ishirini na saba, lakini muuguzi alisema waziwazi kwamba hiyo ikipita asilaumiwe mtu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema nisibadilishe kitu. Nije Jumamosi jioni, Sabato ikitoka, nilale, halafu tuone. Alikuwa anacheka. Sioni cha kuchekesha.

Jumapili, 23 Machi

Naandikia Nyamache, kwenye nyumba yetu ndogo ya hapa bomani.

Jana jioni Mama aliniomba ufunguo. Sikuuliza. Alfajiri nikasikia mlango wa gari. Nikachungulia dirishani.

Tata alikuwa pale amevua koti. Kiti cha mbele kimekunjwa. Alimpa Mama fimbo, akageuka, akatanguliza makalio, akainamisha kichwa. Kofia ikaanguka. Akakwama nusu ndani nusu nje, na Mama ameegemea paa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilidhani ataacha. Akajivuta, akapotelea ndani. Akakaa kidogo. Akatoka, kwa shida kuliko alivyoingia. Akajipangusa magoti. Akaingia tena.

Hapo nikaondoka dirishani. Yule ni mzee wangu, hataki mkwe amwone anatambaa. Nikaenda jikoni nikaanza kugonganisha sufuria kwa nguvu, wajue niko mbali. Niliosha sufuria safi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Baadaye Mama alileta ufunguo akauweka kando ya kikombe changu cha chai.

"Usiuze," akasema. "Tangu Alhamisi ile anajizoeza kwenye kochi. Nikamwambia asubiri, nitamwombea gari lenyewe."

Alhamisi, 27 Machi

Nilikaa jikoni mpaka Mama akaniita. Tata alikuwa ndani tayari, nyuma yangu mimi, koti limefungwa vifungo vyote. Mama mbele. Goti lililogongwa na gia ni lake, na kila nikimgonga anacheka.

Nilikigeuza kioo cha kati kando kidogo, nione barabara nisimwone uso. Vya pembeni vikanisaidia. Tulikwenda polepole kama tunaosindikiza mwili.

Presha ya jicho imepanda, lakini jicho bado lipo. Daktari amempa dawa nyingine na tarehe nyingine. Sikuwa chumbani, Mama ndiye aliyeniambia. Nikawasha gari.

Kurudi, mvua ilikuwa imekatika. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Nyamache sauti ikatoka nyuma.

"Mama Onchiri, muulize mokamwana kama gari lake limechoka."

Mokamwana, mke wa mwana, ndiye mimi. Mama akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikasema halijachoka. Nikaweka gia ya tatu, nikakanyaga. Kona ya kwanza, ya pili. Nyuma yangu nikasikia mtu akivuta pumzi kwa meno, halafu kicheko kidogo, cha puani, ambacho sijawahi kukisikia miaka yote hiyo.

Nyumbani nilikimbilia jikoni kabla hajaanza kutoka.

Nilipotaka kuondoka niliona kofia ya kahawia kwenye kiti cha nyuma. Nikamwita Mama aichukue. Akaenda kumuuliza mwenyewe, akarudi mikono mitupu. Tata amesema ikae humo.