Pancha ya Kwenda Kanisani

Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Kutembea nakuweza. Kinachoniua ni salamu. Nikisimama wima kumsubiri kijana amalize shikamoo na habari za nyumbani, kiuno kinawaka moto na miguu inakufa ganzi. Nikiinama tu, napata nafuu. Daktari wa Kiomboi alisema ni uzee, njia ya mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo imebana. Nimeze dawa, nifanye mazoezi, na nikitembea niegemee kitu.

Fimbo sitaki. Naenda kanisani nikisukuma baiskeli, nimeinamia usukani. Wakiuliza kwa nini siipandi, nasema ina pancha.

Leo jirani yetu Yona kanikuta njiani, akaniamkia, akabonyeza tairi la mbele.

"Mbona lina upepo, mzee?"

"La nyuma," nikamwambia.

Akabonyeza la nyuma. Nalo lilikuwa limejaa upepo. Nikabaki nimesimama pale, ganzi ikipanda mpaka mapajani.

Nilipomsimulia mke wangu, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Sikumwambia lile jingine alilosema daktari, kwamba miguu ikizidi kulegea itabidi nipasuliwe. Hilo naliogopa kweli, na sijui nitalianzaje.

Sasa hivi nimetoka kuingiza baiskeli ndani. Tairi la nyuma halina upepo hata kidogo.

Mke wangu anasugua sufuria. Hataki kunitazama.