Habari za Magoti ya Zaina

Small Heath, Birmingham

Kwa Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakwenda shule, Baba Saumu anaendelea na teksi yake, na baridi imeanza kulegea ingawa nguo bado tunazianika ndani.

Nimeona nikuandikie badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Sauti ikifika huko inasikilizwa na nyumba nzima, na haya ningependa uyapate wewe kwanza. Mama Mwajuma wa Kingstanding anakuja Tanga kumwona mama yake, amekubali kuibeba barua.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema, "Asha, mwanangu alikuja kwenu na mwili wake, wewe unanirudishia mifupa." Niliusikiliza jikoni, nikauzima, nikamaliza kukata vitunguu. Sikukasirika, Mama. Ile picha ya Zaina aliyokuonyesha jirani, hata mimi ningeiona bila kujua habari ningesema kama wewe. Basi nitakueleza ilivyokuwa, upime mwenyewe.

Unajua mwanao Zaina, wifi yangu, anatunza wazee, kazi ya kuinua watu na kusimama kutwa. Kwake Newtown ni ghorofa ya juu na lifti inakufa kila mara. Magoti yake yalikuwa yamevimba mpaka anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Daktari alimwambia apunguze uzito kwanza, ndipo wazungumze mambo ya upasuaji. Mimi nami niliambiwa sukari imeanza kupanda. Wakati huohuo chuo kimoja hapa mjini kilikuwa kinatafuta watu wanene wanaotaka kupungua. Zaina ndiye aliyeleta habari, ndiye aliyeniandikisha. Mimi sikumlazimisha, wala Baba Saumu hakumlazimisha.

Masharti yalikuwa kula wanavyopanga wao, kupimwa uzito, na kutolewa damu mara kwa mara. Kwenye damu walitafuta kitu wanachokiita mchochota, yaani ule moto wa ndani unaofanya viungo vivimbe na kuuma. Mtu mnene mara nyingi anao hata kama hajisikii vibaya, na akipungua hutarajiwa ushuke. Wao walitaka kujua kwa nini kwa wengine unashuka na kwa wengine hausikii.

Tulipika kwangu, chungu kimoja. Wali kidogo, maharage, mchicha, kuku bila ngozi. Bada ya muhogo tuliiaga, vitumbua tuliviaga. Chakula chake cha kazini alikuwa anakibeba kutoka jikoni kwangu. Tukapungua wote wawili, na yeye akapungua kunishinda. Alikuwa anacheka, anavuta kiuno cha sketi yake mbele ya Saumu, anamwambia, "Tazama, shangazi yako anaingia humu mara mbili." Saumu anamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Majibu ya damu yakatoka. Mimi moto ulikuwa umeshuka vizuri. Kwa Zaina ulikuwa palepale, na magoti palepale.

Jumapili iliyofuata alikuja kula. Baba Saumu alimngoja akae, akamuuliza, "Zaina, sema kweli. Ukiwa kwako unakula nini?"

"Ninachobeba hapa."

"Mbona mwenzako amepona na wewe hujapona? Mnakula kitu kimoja."

"Kaka, nguo zinanidondoka. Hicho ninachokula kwa siri kinakwenda wapi?"

"Mimi sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

Zaina aliweka kijiko, akavaa koti, akatoka. Nilimfuata mpaka Barabara ya Coventry, tukasimama nje ya duka la nyama la Wasomali. Akaniambia, "Wifi, rudi. Nitamwonyesha." Basi lilikuja akapanda.

Hakuja tena. Nilimpigia, akawa anajibu kwa maneno mawili. Chakula nilichompelekea alikipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa anakigawa kwa majirani, yeye mwenyewe anaishi kwa chai ya rangi na tufaha. Alitaka apungue mpaka hata kaka yake akose la kusema. Siku moja akaanguka kazini, akimvisha bibi mmoja soksi. Hakuumia, lakini walimpeleka hospitali, na picha uliyoiona ilipigwa siku hiyo, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Tanga. Walipompima, ule moto ulikuwa umepanda kuliko alipoanza.

Pale chuoni kuna mtaalamu wa lishe, Mkenya, anaitwa Wanjiru. Alitupigia akasema tuje, na Baba Saumu aje. Zaina alikuwa ameshafika, amekaa mbali na sisi. Baba Saumu alianza kabla hajaketi.

"Dada, mimi nataka kuelewa tu. Hawa wanakula chungu kimoja."

"Chungu ni kimoja, sawa," Wanjiru alisema, "lakini hawakuzaliwa na mama mmoja. Kaka, huyu dada yako hajakula kitu cha wizi. Mizani iko wazi. Mafuta ya mwili yakipungua, kwa watu wengi huu moto unashuka. Kwa wengine unashuka pole pole, na mtu akijinyima sana unaweza hata kupanda kwanza. Mwili unaona ni kama kuna vita."

"Kwa nini yeye?"

"Kuna vile mtu amezaliwa. Vinasaba, ile mbegu ya wazazi. Ni vingi na vinafanya kazi pamoja, siwezi nikakuonyesha kimoja niseme ni hiki. Lakini si kosa lake, na si uvivu. Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye viungo hivi?"

Nilidhani Baba Saumu atataja magoti yako, Mama. Badala yake alitoa mikono mifukoni akaiweka juu ya meza. Alijaribu kukunja ngumi, vidole vikaishia njiani.

"Asubuhi siwezi kushika usukani mpaka niviloweke kwenye maji ya moto," alisema.

Mimi nalala naye nyumba moja na nilikuwa sijui. Kila asubuhi nilisikia bomba la maji, nikadhani ananyoa ndevu.

Zaina alivitazama vile vidole, akasogeza kiti chake karibu. Akasema, "Tangu lini?" Akajibiwa, "Tangu mwaka jana." Akasema, "Na mimi ukaniita mwizi." Baba Saumu akaacha mikono yake palepale mezani, na dada yake akaanza kuikanda kidole kimoja kimoja. Wanjiru alijifanya anatafuta kitu kwenye kompyuta.

Tangu hapo Zaina anakula zaidi, hajinyimi tena. Anapungua taratibu. Wanjiru amembadilishia aina ya mafuta ya kupikia, amemwondolea soseji na mikate myeupe, amemwongezea vibua na dagaa mara kadhaa kwa wiki, kwa sababu mafuta ya samaki hao huwasaidia baadhi ya watu kutuliza huo moto. Alisema wazi kwamba haahidi kitu. Daktari naye amempa dawa na kumpeleka kwa bingwa wa viungo, na Baba Saumu amepelekwa pamoja naye. Kipimo cha mwisho cha Zaina kimeshuka. Hakijafika pangu, na Wanjiru anasema huenda kisifike. Goti la kushoto limelegea, la kulia bado linabisha. Ngazi anapanda bila kushika ukuta siku nyingine, siku nyingine anaushika. Jumapili anakuja kula, na kaka yake anampakulia yeye kwanza.

Hayo ndiyo yaliyotokea, Mama. Sasa nina ombi.

Kwa bingwa wa viungo waliulizwa habari za ukoo wakashindwa kujibu. Walijua magoti yako tu. Zaina alikumbuka kwa mbali kwamba bibi yao, mama wa marehemu Baba, miaka yake ya mwisho alikuwa analishwa, na watu walikuwa wakisema amerogwa mikono. Baba Saumu anasema alikatazwa kuuliza. Mimi ni mtu wa kuja kwenye nyumba yenu na nisingeuliza kama ingekuwa ya kwenu peke yenu. Lakini majibu yangu mazuri ya damu ni ya kwangu. Watoto nimewazaa nusu, nusu nyingine ni damu yenu. Saumu tangu mchanga watu wanasema ana mikono ya shangazi yake, vidole virefu vilevile, na mimi nilikuwa nafurahi kusikia. Juzi alikuwa anasuka nywele za mdogo wake sebuleni, nikajikuta nimesimama mlangoni namwangalia vidole. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Basi niambie alikuwa na nini yule bibi. Niambie na wewe mwenyewe unavyojisikia ukiamka, si ile "sijambo" ya kwenye simu. Na uende hospitali upimwe. Usijinyime chakula, na ile chai ya kupunguza mwili inayouzwa sokoni usiinywe.

Msalimie mdogo wangu Halima, mwambie shemeji yake Baba Saumu anamkumbuka. Msalimie Mjomba Rajabu na mkewe, na Bi Mwanakombo jirani yetu, ambaye najua picha alikuonyesha kwa uchungu wala simlaumu. Zaina anakubusu mikono. Baba Saumu amesema atakupigia, na safari hii nitakaa karibu yake ili aseme yote.

Mungu akupe afya na umri.

Mkweo, mama wa wajukuu zako,
Asha