Joto la Wageni

Ijumaa, Januari. Handsworth, Birmingham. Baridi kavu, jua lipo lakini ni la kuangalia tu. Leo siko kazini.

Nimekaa sebuleni na shati la mikono mifupi. Naliandika hili kwa sababu tangu tununue nyumba hii, miaka sita sasa, sijawahi kukaa hapa Januari bila sweta, na sweta yenyewe juu ya nyingine. Sijui kama nafurahi au naona haya. Nadhani vyote viwili.

Ngoja niungame kabla sijabadili mawazo.

Mimi ndiye waziri wa nishati wa nyumba hii. Hakuna aliyenichagua. Kile kidude cha ukutani cha kuwashia hita hakiguswi bila mimi kujua, na kando ya birika nimeweka kale kaskrini ka mita kanakoonyesha pesa zinavyokwenda. Asubuhi nilikuwa nakaangalia kabla sijamwangalia mke wangu. Nyumba ni ya zamani, ya matofali, imebanwa katikati ya wenzake kwenye safu ndefu, na walioijenga hawakuwaza gesi itakuja kuwa bei gani. Sheria yangu ilikuwa nyepesi: dakika arobaini za hita asubuhi, arobaini jioni, muda uliobaki blanketi.

Na kazi yangu ni uuguzi! Nazunguka kwenye nyumba za wagonjwa nikifunga vidonda na kuchoma sindano. Kila msimu wa baridi nawaambia wazee jambo lilelile: usikae kwenye baridi, itakuingia kifuani, washa hita hata kama bili inakutisha. Nasema kwa upole kabisa. Kisha narudi kwangu namkuta Moraa, binti yetu wa miaka kumi, anafanya kazi za shule akiwa na koti na glovu zilizokatwa vidole.

Hilo sikuwahi kumwambia mgonjwa yeyote.

Mke wangu alikuwa akisema. "Si uwashe tu, Baba Moraa. Mtoto anaandika na glovu, surely!" Nami jibu langu lilikuwa tayari: tunajenga. Nyumba yetu ya Kisii ina vyumba vitano vya kulala. Imetuchukua miaka tisa, mimi nikituma pesa, ndugu yangu akisimamia mafundi. Kumebaki ukuta wa nje na geti. Anayelala humo ni mlinzi peke yake. Kila nilipozima hita hapa niliona tofali likipanda kule, na nikalala vizuri.

Lakini sheria yangu ilikuwa na likizo. Wageni.

Kwetu mgeni hakai kwenye baridi, hilo halina mjadala. Kikundi chetu cha maombi huzunguka nyumba za Wakenya wenzetu, na zamu yetu ikifika niliwasha hita zote tangu alfajiri, hata ya bafuni. Vikombe vyetu vya wageni, vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, vilitolewa kwenye kabati ya vioo. Mama Kevin, anayetuanzishia nyimbo, angeingia, avue koti, ashike kiuno. "Aki kwa Baba Moraa kuna joto! Nyinyi ndio mnaishi Birmingham, sisi tunasurvive tu." Ningecheka nikisema karibuni, karibuni. Mke wangu angenitupia jicho moja tu na kuendelea kumimina chai.

Mwezi uliopita zamu yetu iliangukia Jumapili ya theluji. Saa nne asubuhi nilitoka nje nikaona paa letu liko wazi, vigae vyote vinaonekana, wakati mapaa ya mtaa mzima ni meupe. Nikapiga picha. Jirani yetu Mzee Gurdev, ambaye amekaa mtaa huu tangu ujana wake, alikuwa akifagia mlangoni kwake. Nikamwonyesha kwa majivuno, nikamwambia sisi tumebarikiwa, theluji haitukalii.

Akaangalia paa, akaniangalia mimi. "That's your wages, mate. Going up."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba joto langu linapita kwenye dari na kuyeyusha theluji, na paa lake yeye ni jeupe kwa sababu darini kwake kuna sufi nene inayolizuia joto lisitoke. Kumbe nimekuwa nikiwapashia moto njiwa wa Soho Road hapo jirani. Nilipanda darini siku ileile. Nikakuta kitu chembamba, kimelala bapa, unene wa kidole, na juu yake masanduku yetu ya safari. Masanduku ndiyo tunayoyaweka huko, kwa sababu kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikisema mwaka kesho tunarudi nyumbani.

Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo nilipoamka. Hapana. Mimi ni mtu anayeweza kulijua jambo mwezi mzima bila kulifanya.

Kilichoniamsha kilitokea Jumapili hiyohiyo, ila kilichukua siku kadhaa kunifikia. Asubuhi Moraa alishuka ngazi, akagusa hita, akauliza kama anayeuliza leo ni siku gani: "Dad, who's coming?"

Nikamjibu ni kina Mama Kevin. Akasema "Oh, nice," akavua koti, akaenda mwenyewe kutoa vikombe. Kisha akakaa mezani akafanya kazi zote za shule, hata za Jumatano ambazo hakuna aliyemhimiza. Nilimsifu kwa bidii yake mbele ya wageni. Siku chache baadaye, nikiwa nangoja basi, ndipo nilipoelewa. Mtoto aliharakisha kuandika wakati vidole vina joto, kwa sababu alijua jioni wageni wataondoka nalo.

Iliniuma. Sina neno lingine.

Wiki hiyo nilikuwa mtaa wa Acocks Green kwa bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Nyumba yake ni ndogo, mpya, kuta nene, madirisha ya vioo vya tabaka tatu, milango inajifunga kama ya friji. Siku zote navua koti pale bila kufikiri. Safari hii niliweka mkono kwenye hita yake. Ilikuwa baridi kabisa, na yeye yuko na blauzi! Nikamuuliza bili, nikijua si kazi yangu. Bili yake ya miezi mitatu ni ndogo kuliko yangu ya mwezi mmoja, na mimi ndiye ninayetetemeka. Na si mwaka huu tu. Mwaka kesho atalipa kidogo, na mwaka wa kumi vilevile, wakati mimi ningeendelea kununua joto lilelile na kulipoteza kila siku.

Nilijiuliza kwa nini hesabu hii ilinishinda. Nyumba ya Kisii niliivumilia miaka tisa bila kuona faida hata ya kitanda kimoja. Hii ya Handsworth sikuwahi kuifikiria hata msimu mmoja mbele. Jibu silipendi: kichwani mwangu hapa nilikuwa napita tu. Moraa hapiti. Amezaliwa hapa, anajibu Kiswahili changu kwa Kiingereza, na kifua chake kinakulia kwenye baridi ya hapa.

Nikampigia ndugu yangu nikamwambia pesa ya geti nimeitumia kwenye dari ya hapa. Akauliza: "Sasa watu watasema nini? Nyumba kubwa hivyo, haina geti?"

Nikamwambia waseme.

Fundi alifanya kazi siku mbili, Jumatano na jana. Ametandaza sufi darini hadi karibu na magoti, ameziba upepo chini ya milango na pembeni mwa madirisha. Pia alichomoa soksi zangu kuukuu nilizokuwa nimeshindilia kwenye matundu ya hewa, akazishika kwa ncha za vidole, akaniambia ndizo zilizoleta ukungu mweusi ulioota ukutani nyuma ya kabati la Moraa. Nyumba lazima ipumue. Muuguzi mzima nafundishwa kupumua! Kuta bado, hizo ni gharama kubwa, zitafunikwa sufi chumba kimoja kimoja kwa ndani. Tutaanza na cha Moraa kabla ya baridi ijayo. Itachukua miaka pesa yote kurudi, alisema wazi, na nilipenda kwamba hakunidanganya.

Leo asubuhi kulikuwa na jalidi, umande ulioganda. Paa letu lilikuwa jeupe kama la Mzee Gurdev. Alilitazama akiwa kwenye lango lake, akaninyooshea kidole gumba.

Hita imewaka kidogo tu tangu saa nne, na joto halijaenda popote. Mke wangu yuko kazini hadi jioni. Saa kumi kasorobo Moraa aliingia kutoka shule. Alisimama ukumbini, nikamsikia akivuta pumzi. Koti likavuliwa. Safari hii hakuuliza nani anakuja. Akapita moja kwa moja hadi kwenye kabati ya vioo, akaanza kupanga vikombe vya wageni kwenye sinia, kimoja kimoja, kwa uangalifu aliofundishwa na mama yake.

Nilimwacha afike cha sita, kisha nikamwambia: "Moraa, hakuna anayekuja."

Akageuka na kikombe mkononi. "Then why's it warm?"

Nilikuwa na maelezo mengi, ya sufi, ya dari, ya bili za miaka ijayo. Nikasema tu kwamba ni kwa ajili yetu. Akaniangalia kama anayekagua iwapo natania. Nikamimina chai kwenye vikombe viwili vya ukingo wa dhahabu na tukanywa, yeye akiwa na fulana ya shule, miguu juu ya kiti.

Baadaye aliviosha, akavifuta, akawa anavirudisha kwenye kabati.

Nikamwambia aviache hapo kando ya sinki. Kesho tutavihitaji.