Maji ya Kwanza Yanamwagwa

Mtinko, Singida
Jumapili, 8 Septemba 1974

Kwa kaka yangu mpendwa Laurian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mlimba kwenye kazi ya reli, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kokoto kimekuachia. Sisi huku tu wazima. Mama mgongo unamsumbua tangu tulipohamia hapa kijijini na kujenga upya, ila shamba la ujamaa hakosi. Mimi najiandaa na mtihani wa darasa la saba.

Mkebe wa chai uliopewa na fundi wako Mchina tuliupokea tangu Julai, pamoja na kikombe chake chenye kifuniko. Niliwasomea wazazi maelekezo yako yote: tuitunze mpaka Mzee Antipasi atakapokuja kutoka Mwankoko kutujibu juu ya posa yako kwa binti yake Theodora, na niiandae mimi, kwa kuwa ndiye ninayejua kusoma.

Kaka, alikuja Alhamisi, pamoja na mdogo wake, Mzee Mughwai, yule mwenye utani. Niliwasalimia nikainama nisiwatazame usoni. Birika lilipochemka nililiepua kwanza, kama ulivyoandika, kisha nikatia majani kikombeni na maji juu yake. Maji ya kwanza nikayamwaga uani. Mzee Antipasi aliyafuata kwa macho mpaka yakaisha ardhini. Akamuuliza baba tangu lini mgeni anamwagiwa chai yake mbele yake. Nililazimika kuisoma barua yako kwa sauti, pale ulipoandika kwamba maji hayo ni ya kuosha majani tu.

Nikatia maji ya pili, nikafunika, nikangoja. Mzee Mughwai akauliza kama ng'ombe wetu wamebaki kule tulikohama, maana haoni maziwa. Baba alicheka peke yake. Unajua mwenyewe, kaka, kwamba mahari inazungumzwa kwa ng'ombe, na mgeni wa mahari kupewa chai isiyo na maziwa ni kama kuambiwa zizi ni tupu.

Mzee Antipasi akanywa. Akanywa tena, polepole, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akafunika kikombe akasema kwamba ameishi miaka sitini na anajua ladha ya maji ya moto. Akasema kijana anayewatumia wakwe maji ya moto kutoka mbali kote huko, huenda anawacheka. Akasema jibu lake atalitoa Jumatano, na kwamba siku hiyohiyo kuna wazee wa Shelui watakaofika kwake kwa ajili ya Theodora. Akachukua fimbo yake.

Baba aliniagiza leo nikuandikie mambo mawili: kwamba Mchina wako amekudanganya, akakupa takataka kwenye mkebe mzuri, na kwamba umsahau Theodora. Nilianza kuandika hivyo. Nimeichana karatasi hiyo.

Fundi wako hakukudanganya. Ni mimi. Mwezi wa Agosti, mama akiwa shamba la ujamaa, nilionja kidogo. Nilitaka kujua unakunywa nini huko uliko. Majani yalijikunjua ndani ya maji mpaka yakawa majani ya kweli, mabichi kabisa, na nikakaa kuyatazama nikasahau kuteka maji. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa. Mkebe ulipofika katikati niliogopa. Wewe uliandika kwamba majani yaleyale yanatiwa maji hata mara tatu, nami nikajiambia kwamba yangu bado yana nguvu. Nikayakausha kwenye ungo, nikayarudisha mkebeni juu ya yale mazima. Hayo ya juu ndiyo aliyokunywa Mzee Antipasi. Nilijua yameisha nguvu tangu nilipomwaga maji ya kwanza, kwa sababu hayakuwa na rangi wala harufu. Nilikaa kimya hata ulipotukanwa.

Mpaka hapa nimewasomea baba na mama, neno kwa neno, bila kuruka. Mama amejifunika uso kwa khanga. Baba ameuliza kama chini ya mkebe yamebaki mazima. Nimemwonyesha. Yamebaki, ya vikombe vitatu hivi. Akasema kesho alfajiri tutapanda lori la ushirika mpaka mjini, kisha tutembee hadi Mwankoko. Yeye atabeba birika. Maneno yote kwa Mzee Antipasi nitayasema mimi.

Kaka, darasani hata jibu ninalolijua huwa sinyooshi mkono. Kesho nitanyoosha.

Tafadhali usimgombeze fundi wako. Mama anakusalimu na kukuombea, na baba anasema uvae koti, baridi ya asubuhi si ya kuchezea. Nami ukiweza, nisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Marietha